Ukewenza

Sikuarifiwa, wala hakupigiwa ngoma.
Aliingia na masika ya mwaka juzi,
akatua chini ya mbavu za Nandonde,
na tangu hapo jiko langu ni lake.

Tumbo. Mimi namwita mke mwenza,
maana usiku ndiye anayenung'unika
na asubuhi ndiye anayeulizwa ameamkaje.

Kitunguu hataki. Saumu hataki.
Kabichi ukimpa, atakupulizia zumari mbele ya wageni.
Kwenye arobaini ya marehemu Mchopa
maharage yalitaka kutuumbua,
nikakohoa mimi, nikakohoa tena,
watu wakanipa pole ya kifua.

Na korosho!
Mume wangu ana mikorosho mia na arobaini,
stakabadhi za ghalani zimejaa mfuko wa rambo,
lakini punje tano zikivuka koo
atazunguka uani mpaka adhana ya alfajiri.

Daktari wa Ndanda alisema: mama, mpe vyepesi.
Nikampa uji. Siku tisa, uji.
Siku ya kumi akalitazama bakuli,
akanitazama mimi,
akasema, "Somoe, mimi nalima."

Basi nikakaa na huyu mwenzangu, tukapatana.

Jogoo alichinjwa jana, magharibi.
Ngozi nimeivua yote, mafuta ya shingo kala paka.
Nimemchemsha taratibu kwa chumvi na tangawizi,
na kwa kuwa hapa Newala maji tunanunua kwa ndoo
supu sikuimwaga:
nimeipoza, nimeengua utando wa juu,
humo humo nikatokosa karoti
na ming'oko ya yule mtoto wa kituo cha mabasi
mpaka ikaacha ukaidi wake.

Nyama naichambua kwa vidole.
Kisu hakijui mshipa ulipo.
Tango nimelimenya, mbegu nimezikwangua kwa kijiko,
na katika kitunguu nimechukua majani tu,
yale ya juu, ya kijani kabisa.
Kichwa chake nimekificha, nitakila mwenyewe na dagaa.
Harufu ifike, mwenyewe abaki kwao,
kama shemeji aliyetuma salamu.

Mafuta ya ufuta, vijiko viwili.
Ndimu nadondosha tone, tone,
kama namtia mtu dawa ya jicho.
Kotimiri kiganja kimoja.
Nachanganya kingali vuguvugu,
kwani cha baridi humwamsha bibi yule
na akiamka hatulali.

Nandonde ameketi. Anakichungulia chakula.
"Hii saladi au shamba?"
"Kula."
Anakula. Kimya.
Ming'oko anaianza, karoti anaifuata,
paja analitafuta chini ya majani, analipata.
"Pilipili iko wapi?"
"Imesafiri."
"Inarudi lini?"
Nikamwongeza nyama, sikumjibu.

Sijamwona akikomba sahani
tangu tulipomwoza Asumini.
Alikomba kwa kidole, mtu mzima yule,
akashushia supu, akafuta ndevu,
akaenda kukagua mikorosho yake
kwa mwendo ambao nilikuwa nimeusahau.

Jioni nafua shati lake.
Mfukoni, korosho tatu za kuchoma.
Nimezishika kitambo, mikono ina povu.
Mbili nikatafuna hapo hapo, karibu na beseni.
Ya tatu nikaianika dirishani, aione,
ajue kwamba najua.

Usiku wa manane nikaweka sikio
pale chini ya mbavu, polepole, asishtuke.
Nandonde anakoroma.
Mwenzangu kimya.
Amelala, au anafikiri.